Kipimajoto cha Nyuma ya Jiko

Kila mchana, kengele ya mapumziko ikilia, Chiriku alikwenda kusoma kipimajoto cha shule, kilichokuwa ndani ya kiboksi kwenye ukuta wa nyuma ya jiko. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku ile hakuwa na raha. Mvua ilikuwa imegoma, mahindi ya kwao yote yamekauka, na jioni kulikuwa na mdahalo: je, ni kweli binadamu ameipasha dunia joto? Washindi wangeiwakilisha shule mjini. Chiriku aliitaka safari hiyo kufa na kupona.

"Joto limepanda digrii tatu kuliko mwaka jana!" alimwambia binamu yake, mwenzake katika upande wa kukubali. "Tukitaja hiyo tu, wamekwisha."

Mpishi wa shule alicheka kwenye dirisha la jiko, mwiko mkononi. "Hata mimi ningekuwa kiboksi hicho ningetokwa jasho, mwanangu! Si mlikihamishia hapa ukutani kwangu wakati wa mvua zilizopita, mkikwepa tope la uwanjani?"

Chiriku aliugusa ukuta. Lo! Ulikuwa wa moto kama kikaango.

"Nyamaza wewe," binamu alimnong'oneza. "Nani atajua?"

Chiriku aliuacha ukuta, akaenda kula. Chakula cha mchana kilimshinda.

Jioni wapinzani walitamba. "Kompyuta za wataalamu zinakadiria miaka hamsini ijayo, na mvua ya kesho tu inawashinda!" Ukumbi ukaangua kicheko. Binamu akamkanyaga Chiriku mguu: taja zile digrii tatu!

Chiriku akasimama. "Vipimo vya shule yetu havifai," alisema. "Tulikiweka kipimajoto karibu na moto wa jiko."

Upande wa pili ulilipuka kwa shangwe. Chiriku na binamu yake walishindwa vibaya. Binamu aliondoka bila hata kumuaga, na Chiriku akabaki kwenye benchi akilia.

Mwalimu wa sayansi aliketi kando yake.

"Mwalimu, kwa hiyo si kweli?"

"Ni kweli. Joto la dunia halipimwi kwa kiboksi kimoja. Vipimo ni maelfu, nchi kavu na baharini, na wataalamu hukosoana kila siku, kama ulivyojikosoa leo. Ndivyo tulivyojua kwamba moshi wa viwanda na magari yetu unaipasha dunia."

"Lakini tumeshindwa."

"Mmeshindwa, na inauma. Kesho tutakirudisha kipimajoto uwanjani." Akainuka. "Ila kumbuka, mwanangu: ukweli ukibebwa mgongoni na uongo, uongo ukijikwaa, huanguka wote wawili."