Randa ya Mbao Nyeusi

Mbao ilikuwa kavu kabisa, imeanikwa miezi minne, lakini maranda yaliyotoka yalikuwa mabichi. Fundi aliyafinya kiganjani, yakatoa maji meupe mazito. Harufu yake ikampanda puani: maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo ya mtoto.

"Makubwa haya," alijisemea, akajifuta kwenye suruali.

Randa yenyewe alikuwa ameinunua asubuhi ile ile. Yake ya zamani ilipasuka katikati ya kazi ya milango ya zahanati, na bei za madukani zilimtoa jasho. Akazunguka kwa wauza vifaa vya mtumba mpaka akamkuta mama mmoja ametandika turubai. Kati ya misumeno yenye kutu palikuwa na randa ya mbao nyeusi, imenyooka, kisu chake kizima. Fundi akataja bei ya kubahatisha, mama akakubali bila hata kubetua mdomo. Akaondoka anapiga mluzi, anajiona mjanja kuliko mji mzima.

Sasa alikikaza kisu, akasukuma tena. Randa ikalia. Haukuwa mkwaruzo wa chuma, kilikuwa kilio cha kwikwi, kama cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikamkauka. Akasimama, ikanyamaza. Akasukuma, ikalia.

Na kutoka nyumbani, upande wa pili wa ukuta wa karakana, mkewe akapiga yowe.

Alimkuta sakafuni, ameikumbatia mimba yake ya miezi minane.

"Kuna mkono," mke alinong'ona. "Kila ukisukuma huko, mume wangu, kuna mkono unamvuta mtoto humu ndani. Acha. Nakuomba, acha."

Fundi alimpigia simu baba mkwe wake, aliyekaa mitaa miwili kutoka pale, seremala mstaafu ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Mzee akaingia karakanani jua la utosi, na utani wake kama kawaida: "Mmeniita kula, au mmenichongea jeneza?"

Kisha akaiona randa mezani. Akaigeuza. Ubavuni palikuwa na chale tatu za patasi, alama aliyokuwa akiitia kwenye kila kifaa alichokichonga mwenyewe ujanani.

"Umeipata wapi hii, mwanangu?"

"Karibu, mkataji," sauti ikajibu mlangoni.

Alikuwa ni binti yake, mke wa Fundi, amesimama wima, hapepesi macho, na sauti ile haikuwa yake. Ilitoka chini mno, kana kwamba mtu anazungumza kutoka ndani ya gogo, na kila neno likija harufu ya maziwa machachu ilizidi kuijaza karakana, mpaka Fundi akabanwa pumzi.

"Mti ulioukata ukachonga randa hii ulikuwa nyumba yangu. Mwanangu alikuwa amelala ndani. Nimepita mikononi mwa mafundi sita nikiitafuta damu yako, leo nimeifikia. Ulimsikia?"

"Sikusikia kitu," Mzee alisema.

Tumbo la binti likajikunja. "Baba!" akalia kwa sauti yake mwenyewe. "Baba, ananimaliza!"

Fundi alipiga magoti. "Sisi tumekosa nini?"

"Hamjakosa. Hata mwanangu hakukosa." Macho yakamrudia Mzee. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia!" Mzee akaanguka chini. "Nilisikia mtoto analia ndani ya mti, nikajua si mambo ya kawaida. Nikaziba masikio, nikaendelea na msumeno. Mbao ile ilikuwa nzuri mno. Nichukue mimi, mwache mwanangu!"

"Wewe? Wewe ni wa kufa kesho keshokutwa. Nitakufaidi nini?" Kisha kwa upole uliotisha kuliko ghadhabu: "Umekiri ulimsikia. Basi msikie."

Randa ikapasuka vipande viwili mikononi mwa Mzee. Binti akalegea, Fundi akamdaka, na jioni ile ile akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa.

Baada ya wiki Mzee alikuja kumwona mjukuu. Alikuwa amekonda, macho mekundu, amejaza pamba masikioni. Akakaa kitandani pembeni ya binti yake, akijipigapiga paja polepole, kama anayebembeleza.

"Mnyonyesheni basi," alisema.

"Amelala, baba. Ametoka kushiba sasa hivi."

"Huyo najua amelala." Akainamisha kichwa, machozi yakimchuruzika. "Huyu wangu ndiye hajanyamaza tangu siku ile."