Mabakuli Yaliyogoma Kurudi

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, wallahi, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Likipatikana humo la uongo, hata dogo kama punje ya mchele, mie Kondo, mstaafu mwenye heshima zangu hapa Chamazi, nitakwenda kibandani kwa Mama Sekela nimenye vitunguu gunia zima mbele ya watu. Sasa tulieni.

Kila siku akitoka shule, Sekela wa darasa la sita alivua sare, akala, kisha akaenda kumsaidia mama yake kufungasha chakula. Mama Sekela, mwenyeji wa Rungwe, ni mama ntilie. Kuunga maharage kwa nazi alijifunza hapahapa mjini, lakini sasa hata watu wa pwani, waliozaliwa na nazi mdomoni, wanapanga foleni kwake. Wengi hawali pale. Wanabeba chakula kwenda nacho nyumbani, na siku hizo walikibeba katika vile vikasha vyeupe vya plastiki vinavyolia kwichi kwichi ukivibonyeza, pamoja na kijiko cha plastiki na mchuzi ndani ya kifuko cha nailoni.

Sekela alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja akataka kujua vile vikasha vinaishia wapi. Akawa anachora nyota ndogo kwa kalamu chini ya kila kikasha anachofungasha, bila kumwambia mtu. Wiki haikuisha, mvua ikashuka. Mtaro ulio mbele ya kibanda ulifurika, maji yakaingia ndani na kuzima jiko la mkaa, wali ukiwa haujaiva sufuriani. Kuku mmoja alipita mbele ya macho yangu amesimama juu ya kikasha, kifua mbele kama nahodha. Msinibishie, nilikuwepo.

Maji yalipopungua, Sekela alichokoa mtaro kwa fimbo. Kila kikasha alichokigeuza kilikuwa na nyota yake.

"Mama," alisema, "aliyetuzimia jiko ni sie wenyewe."

Mama yake aligeuza vikasha viwili vitatu, akaziona zile nyota. Kisha akauliza, kama si vikasha, wateja wabebe mchuzi kwenye viganja? Hapo Sekela akakumbuka boksi lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na mabakuli ya bati yenye maua mekundu, zawadi ya harusi ambayo mama alipewa na bibi yake Sekela wa Rungwe. Yalitolewa kwa wageni wakubwa tu. Sekela alipendekeza mteja aondoke na chakula ndani ya bakuli, kesho yake alirudishe. Mama alikataa, Sekela akabembeleza, akaahidi kwamba yatarudi yote.

"Haya," mama alisema mwishowe. "Lakini Jumamosi bibi yako anakuja kwenye ubatizo wa mdogo wako. Akiuliza mabakuli yake, utamjibu wewe, sio mie."

Mabakuli yakaenda. Kesho yake hayakurudi, wala keshokutwa. Kibaya zaidi, waliokuwa wameyachukua nao hawakuonekana tena. Bi Mwajabu, mteja asiyekosa hata siku moja, sasa alizunguka nyuma ya msikiti ili asipite mbele ya kibanda, khanga ameishusha hadi kwenye nyusi. Wengine wakimwona Sekela anakuja, wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu ndani.

Wali ukawa unabaki. Sekela alimwona mama ameanza kuvitoa tena vile vikasha vyeupe na kuvipanga mezani.

Shuleni, Gozbert aliyekaa naye dawati moja alimcheka wazi. "Nyie mmegawa vyombo kama sadaka," alisema. "Mmepigwa mchana kweupe, dada."

Sekela aliumia, lakini kuna jambo lilimkereketa kuliko hasira. Hivi mtu anaiba bakuli moja, halafu anajinyima wali anaoupenda kila siku? Mwizi wa namna gani huyo? Ijumaa alipotoka shule hakwenda kibandani. Alikwenda kwa Bi Mwajabu.

Alibisha hodi, akaamkia, akakaribishwa kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko kawaida. Na bakuli lilikuwa palepale, juu ya kabati, limesuguliwa hadi linang'aa, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha maonyesho. Sekela hakulidai. Aliuliza tu kama labda chakula cha mama yake kimeharibika siku hizi.

"Hakijaharibika, mwanangu," alisema Bi Mwajabu, huku akizungusha pindo la khanga kidoleni. "Bakuli nimeliosha siku ileile. Lakini nitalirudishaje tupu? Kwetu chombo cha jirani kikija na chakula, ukikirudisha unatia chochote, iwe kashata, iwe ndimu. Nami wiki hii sina hata kimoja. Nikasema ningoje. Ndo nangoja."

"Lakini bibi, chakula chenyewe ulikinunua."

"Najua. Akili inajua, mkono unakataa."

Sekela alitupa jicho kwenye hotpoti la Bi Mwajabu lililokuwa kando ya bakuli. Kisha akauliza swali lililomaliza kazi. Je, chombo chako mwenyewe kikienda kwa jirani kitupu, inakuwaje?

"Hapo aibu ni yake. Yeye ndiye wa kutia kitu."

"Basi bibi, chukua hotpoti lako twende," alisema Sekela. "Mama atatia wali."

Bi Mwajabu alicheka hadi khanga ikamwanguka. Akakata mchaichai uliootea kando ya bafu, akautia kwenye bakuli, hotpoti akalishika mkono wa pili. Kufika jioni habari zilikuwa zimepita ua hadi ua. Mabakuli yakarudi yakiwa na ndimu, bisi, majani ya mchicha. Moja lilirudi na kifaranga hai aliyekuwa akisalimia watu.

Tangu siku hiyo mteja anakuja na chombo chake, na mwenye chombo anaongezewa upawa mmoja wa maharage. Mtaro unapitisha maji. Vikasha vilivyobaki, Mama Sekela amevifungia kwenye lile boksi la chini ya kitanda.

"Nilikuwa nimeshawaita wezi moyoni," alimwambia binti yake. "Wewe ukauliza kwanza. Shika hivyohivyo, mwanangu. Takataka tunazitengeneza sie wenyewe kwa kupenda urahisi, na kuziacha tunaweza. Ila ukitaka mtu aache kitu, kaa naye ujue anavyoishi, kisha mtafute njia pamoja."

Na mabakuli yakarudi yote, bibi akafurahi.

Nilipofika hapo, watoto barazani kwangu wakapiga makofi. Mmoja hakupiga. Sekela mwenyewe alikuwa amekaa nyuma.

"Shikamoo babu," alisema kwa adabu. "Yalirudi yote isipokuwa moja. Bibi anaulizia mpaka leo. Hilo analonywea maji kuku wako ni la nani?"

Wote wakageuka. Nahodha wangu aliinua kichwa, maji yakidondoka juu ya maua mekundu.

Bakuli nililirudisha jioni ileile, limejaa mayai. Sasa nipo kibandani, gunia liko mbele yangu, na machozi yananitoka. Mkiniuliza, nitasema ni vitunguu.