Ulanzi Ambao Esnath Hakunywa

Kamwene, majirani! Mwenye simu aishike vizuri asome hii, maana simu yangu mwenyewe ndiyo iliyotuponza.

Nyumba ya kaka yangu Sadock pale Kifanya ilikuwa na amani. Sadock ni mzee wa kanisa, pombe hata harufu hataki. Mke wake Esnath, tunamwita Mama Clemens, ndiye nguzo ya sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akivuna viazi anaimba, unamsikia mpaka kwenye miti ya paina.

Ilikuwa masika, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Hilo likumbukeni.

Wiki moja kabla ya tamasha la kwaya Makambako, Esnath aliharisha siku mbili. Akapona, tukasahau. Siku ya tamasha akaniambia, "Shemeji Fredy, nyayo zinanichonyota kama nimekanyaga upupu."

"Viatu vipya hivyo, shemeji!" Nikacheka. Jamani!

Jukwaani, wimbo wa pili, nguvu za miguu zikamkatika. Akayumba, akamdaka mwenzake, akakaa chini puu! Watu wakaangua kicheko. Vestina, mwenyekiti wa kwaya, akasonya: "Ulanzi huo! Mke wa mzee wa kanisa!"

Na mimi nilishachukua video. Nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Tunafika Kifanya, kila mtu ameshaiona.

Sadock hakupiga kelele. Alimwingiza mkewe chumbani. "Hutoki humu mpaka watu wasahau."

"Baba Clemens, ninuse mdomo! Sijanywa."

"Miguu yako imeshatoa ushahidi."

Siku ya kwanza zilikufa ganzi nyayo. Ya pili, magoti yakalegea. Ya tatu asubuhi nampelekea uji, kikombe kikamponyoka. Sasa niambieni, ulevi gani huo, siku tatu bila tone na mtu anazidi kulegea?

"Kaka, njoo uone!"

Sadock akasimama mlangoni. "Kama huumwi, imba ule wa Jumapili."

Esnath akafungua mdomo. Maneno matatu tu, pumzi ikakata. Akajaribu tena. Mawili.

Nilimwona kaka akibadilika rangi.

Tulimpandisha kwenye lori la mbao, ukungu mzito, tope mpaka kwenye tairi. Njia nzima kuelekea Njombe Sadock ameweka kiganja kwenye kifua cha mkewe. "Vuta, mama. Vuta tena. Usiniache."

Hospitali, Daktari Konsolata akamgonga goti kwa kinyundo. Mguu kimya, kama gogo.

"Ilianzaje?"

Nikatoa simu. Aliiangalia ile video mara tatu.

"Oneni, hawezi kuinua nyayo. Aliharisha karibuni?"

"Wiki moja kabla," nikasema.

"Mwili una askari wake, chembe zinazopigana na vijidudu. Baadhi ya vijidudu vya kuharisha vinafanana na ngozi ya mishipa ya fahamu. Askari wakimaliza vijidudu, wanaigeukia mishipa. Ubongo unaamuru, miguu haipati habari. Ikifika kwenye misuli ya kupumua..." Alishaagiza mashine ya kupumulia.

"Kwa hiyo askari wake wamemfananisha?" Sadock akauliza.

"Wamemfananisha."

Kaka akafunika uso. "Kama mimi."

Mashine ilimpumulia siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa Sadock hakuvua koti. Ya ishirini Esnath akavuta mwenyewe, kidogo, kama mtoto.

Miezi minne baadaye alirudi kanisani na fimbo. Vestina akamletea kiti, macho chini. "Nisamehe, Mama Clemens."

"Kiweke mbele kabisa, Vestina. Mkitaka kunicheka, nicheke na mimi."

Kanisa zima likacheka. Yeye wa kwanza.

FUNDISHO

Ganzi ikianzia nyayo ikapanda, miguu ikalegea, hasa baada ya kuharisha, kimbiza mtu hospitali siku hiyohiyo. Usimnuse. Usimfungie ndani. Usimrekodi umcheke. Askari wa mwili wa Esnath walikosea kwa sababu hawana macho. Sisi tulikuwa nayo, tukamhukumu.

Vidole viwili vya mguu wake mpaka leo havisikii baridi ya Kifanya. Daktari anasema labda vingekufa ganzi hata tungewahi. Labda. Mimi kila nikiviona, nahesabu zile siku tatu.