Sikio Ameacha Kusikia

"Ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Hata ukiwa mdogo kama mbu wa chumba cha pili, bonyeza."

"Najua kubonyeza kitufe," alinijibu. "Endelea na kazi yako."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mchumba wangu kunitamkia baada ya miezi mitano. Nasema mchumba kwa mazoea tu, maana uchumba wenyewe aliuvunja kwa ujumbe wa simu.

Mimi ni mpima masikio. Kazi yangu ni kumkalisha mtu ndani ya kichumba kisichopitisha sauti, kumvika hedifoni, kisha kukaa upande wa pili wa kioo nikimpigia milio na kuangalia ipi anaisikia. Nyumbani wananiita Kwanini, kwa sababu tangu utotoni sijawahi kupewa jibu nikaridhika nalo. Mama anasema siku yangu ikifika nitamuuliza malaika mtoa roho kwa nini amekuja Jumanne.

Na yeye kila mtu anamwita Sikio. Haoni tangu kuzaliwa. Lakini alikuwa akiweka kiganja juu ya zege, anasikia moyo wa mtu ukidunda chini ya kifusi, hatua thelathini kutoka alipo. Watu ishirini na watatu walitolewa hai kwenye majengo yaliyoanguka kwa sababu yeye alisema, "Chimbeni hapa." Wakamwita shujaa, wakamchora kwenye kuta, naye akawa ananisumbua nimwambie wamemchora na pua ya ukubwa gani.

Kisha likaja lile ghala. Lilianguka nusu, na mzee aliyekuwa akililinda akabaki ndani. Sikio aliingia kumtafuta, nami nikaingia naye kwa kuwa siku hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza. Alimsikia mzee akikohoa. Kabla hajasema pa kuchimba tukatoka, na ukuta uliobaki ukaporomoka nyuma yetu. Mzee hakutoka. Mkuu wa kikosi cha uokoaji alipouliza kwa nini tulitoka mapema, nikawahi kujibu mimi kwamba nilimvuta Sikio kwa nguvu. Siku tatu baadaye simu yangu ikalia kengele ya ujumbe:

"Usinipigie tena. Wewe ndiye uliyemuua yule mzee."

Tangu hapo kiganja cha Sikio kikawa kiganja tu. Aliitwa kwenye kazi mbili, akapapasa chini, akarudi kapa. Mkuu ndiye aliyemtuma kwangu apimwe, na hakuwa na pengine pa kumtuma, kwa sababu mashine ya namna hii ni moja mji mzima na mpimaji ni mmoja.

Nilipima sikio la kulia, nikapima la kushoto. Mazima yote mawili, kuliko hata yangu. Sasa kama masikio ni mazima, kilichokufa ni nini? Udadisi ukanipanda kichwani. Kanuni ya kazi inasema mpimaji asimsemeshe mtu katikati ya kipimo. Nikawasha maiki.

"Siku ya ghala, asubuhi ulikula nini?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu."

"Sikula." Na kidole chake kikabonyeza kitufe kwa mlio mdogo kabisa.

"Mle ndani kulinuka nini?"

"Vumbi. Magunia." Akabonyeza tena.

"Yule mzee alikohoa mara ngapi?"

Nikapiga mlio, hakubonyeza. Nikauongeza, nikauongeza tena, mpaka ukafika kiasi cha kumrusha mtu aliyelala usingizi. Taya zake zilikuwa zimekaza na vidole vimekunja ngumi. Hakusikia chochote. Mungu anisamehe, nilifurahi kama fundi aliyegundua paa linavujia wapi.

Niliingia kichumbani nikamweleza nilichokiona, kwamba hasira ikimpanda masikio yanafunga, na kwamba hasira hasara si maneno ya kutishia watoto. Akasema hakuja kufundishwa methali. Anajua ana hasira, na anajua ana hasira na nani.

"Na wewe," alisema. "Na sababu unaijua."

Akainuka, akaishika fimbo yake, akaugonga mlango badala ya kuufungua. Hapo ndipo simu yangu ilipoleta ujumbe kutoka kwa Mkuu. Nikamsomea kwa sauti:

"Mtaro umebomoka mtaa wa soko. Fundi bomba mmoja alitambaa ndani ya bomba la zege kuziba kiungo, udongo ukafunika ncha zote. Mabomba ni ishirini, hatujui yumo lipi. Masikio yamesemaje?"

Sikio alisimama huku ameshika kitasa.

"Mwambie masikio ni mazima," alisema.

"Na kiganja?"

Akafungua mlango. Alisema tu, "Twende."

Mtaro ulikuwa mitaa minne kutoka kliniki, tukaenda kwa miguu, jua likiwa la utosini. Mkuu alitupokea kwa kupayuka, maana miaka yote hajaelewa kwamba upofu hauko masikioni. Alitueleza kwamba tingatinga haliwezi kutumika, linaweza kulivunja bomba na mtu akiwa ndani, na kuchimbua bomba moja kwa koleo kunachukua zaidi ya nusu saa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akateremsha sauti. Hewa iliyomo ndani ya bomba huenda isizidi saa moja na nusu.

Injini zote zikazimwa. Mafundi wenzake yule aliyefukiwa walisimama na makoleo yao, hawajui waanzie wapi. Sikio akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo juu ya bomba la kwanza. Akasogea la pili. La tatu. Niliuona uso wake nikajua hakuna kitu.

"Mkuu, mtoe huyu hapa," alisema. "Akiwa karibu yangu siwezi."

Mkuu akanitazama kwa huruma, akanionyesha njia kwa mkono. Nikapiga hatua tatu. Ya nne ikanishinda.

"Nitaondoka ukinijibu moja," nilimwambia. "Ule ukuta wa ghala ulipoanza kulia, nani aliusikia kwanza?"

Jibu nilikuwa nalo miezi mitano. Siku ile nilimwona amesimama mbele ya kikosi kizima, midomo inamtetemeka, nikampa uongo kama unavyompa mwenzako koti lako kwenye mvua. Niliona ni mapenzi. Sikuwaza kwamba kila mtu atakayempa pole na kumwambia hakuwa na kosa atakuwa anamchoma, maana yeye anajua. Na mtu asiyeweza kujikasirikia mwenyewe hutafuta wa kumkasirikia.

"Mimi," alisema Sikio.

"Ukasema nini?"

Mkuu alitaka kuingilia kati, nikamwinulia kiganja.

"Nikasema tutoke."

"Nani alimvuta mwenzake?"

Vidole vyake vikaanza kukunja ngumi, nikadhani masikio yamefunga tena.

"Mimi ndiye niliyekuvuta wewe," alisema, na mafundi wote walisikia, na kikosi kikasikia. "Mzee alikuwa anakohoa. Nilijua alipo. Niliogopa, nikakimbia. Halafu ukanidanganyia, nami nikauacha uongo ukae."

Nikachuchumaa kando yake.

"Sasa unasikia nini?"

"Nasikia aibu."

"Na nini tena?"

"Nasikia uchungu. Hapa, kifuani."

"Usiufunge. Nini tena?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni na hakuyafuta. Mkono wake mmoja ulikuwa bado chini, nadhani alikuwa ameshausahau.

"Nasikia baridi ya udongo," alisema. "Nasikia..." Akainamisha kichwa. "Nasikia mtu anakwaruza zege kwa spana."

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo, kwa jinsi nilivyo. Lugha yetu haikuona haja ya kutenga maneno. Aibu tunaisikia, baridi tunaisikia, harufu tunaisikia, na mtu aliyefukiwa tunamsikia. Sikio alidhani anaweza kufunga mlango wa uchungu peke yake na mingine ikabaki wazi, kumbe mlango ni mmoja.

Alitambaa kwa magoti na viganja, suruali ikichanika, akapita bomba la sita, la saba, akarudi kidogo, akatulia.

"La saba," alisema. "Ameelekeza kichwa upande wa soko. Chimbeni taratibu."

Walichimba dakika arobaini. Fundi bomba alitoka mweupe kwa vumbi kama aliyeanguka kwenye gunia la unga, akanywa maji, kisha akauliza ni nani aliyezima redio yake aliyoiacha juu ikiimba. Watu walicheka mpaka wengine wakalia. Mkuu alikuja kusema kwamba taarifa ya ghala itaandikwa upya, na kwamba mimi pia nitaitwa nieleze kwa nini nilidanganya. Nilimwambia nitafika.

Sikio alikuwa amekaa kwenye rundo la udongo, mikono magotini.

"Ule ujumbe," alianza.

"Kwa nini uliuandika?"

"Kwa sababu wewe ungenisamehe. Wengine sikuwa na uhakika nao. Nikaona nikutwike wewe."

Nilimtazama mtu huyu niliyemlilia miezi mitano, nikahisi hasira yangu mwenyewe ikiinuka, na wala sikuiona mbaya.

"Sijakusamehe," nilimwambia.

"Nasikia," alisema. Kisha akaniomba nimpeleke kwa mjane wa yule mzee, siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaanza kumpigia makofi.

Mjane alikuwa akipiga pasi nguo za watu kwenye chumba chake cha mbele, mashati yametundikwa mpaka mlangoni. Sikio alisema yote akiwa amesimama. Alisema alimsikia mume wake akikohoa, akakimbia. Mama yule aliendelea kupiga pasi shati lile lile, upande ule ule, mpaka nikaogopa litaungua. Mwisho akaisimamisha pasi. Alisema miezi yote hiyo watu walimwambia mume wake alikufa papo hapo, na yeye hakuamini, na hakuna aliyekubali kumjibu. Sasa angalau anajua alikohoa.

"Leo sina la kukusamehe nalo," alimwambia Sikio. "Lakini njoo tena."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe uliyedanganya, ni nani kwake?"

Sikio hakunisaidia. Alisimama ametulia, akisubiri kama tulivyokuwa tunasubiri sisi juu ya ule mtaro.

"Mchumba wake, mama," nikasema.

Mjane akaondoa rundo la mashati kwenye benchi, akalipangusa kwa mkono.

"Basi kaeni wote wawili," alisema. "Mnieleze tena tangu mwanzo, na safari hii kila mmoja aseme lake."