Ukuta wa Jiko la Subilaga

Nyumba ilisimama kabla ya tofali la kwanza. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kiwanja kile cha Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, injinia Zainati Mshamu alipowasha mchoranuru. Kuta nyeupe za mwanga ziliota kutoka ardhini, moja baada ya nyingine, zikapanda mpaka kimo cha dari, zikatulia. Sebule, korido, vyumba, jiko. Vyote kwa ukubwa wake halisi, juu ya nyasi zenye umande.

"Kumbe ni taa tu," alisema mzee Ambakisye Mwakajila, akipitisha fimbo yake katikati ya ukuta.

"Leo ni taa, mzee. Ukisema ndiyo, mchapaji anaanza mchana huu. Kesho fimbo hiyo itagonga."

Mchapaji alikuwa kando ya barabara, mkono wa chuma mrefu kuliko mkaratusi, tumbo limejaa udongo uliochanganywa na saruji. Siku hizo hapakuwa na fundi wa kupanga matofali jijini. Mchapaji alimimina nyumba nzima tabaka juu ya tabaka, nyaya na mabomba yakiwa humohumo ndani ya kuta, kwa hiyo ukuta uliokwisha kukauka haukuhamishika tena bila kuibomoa nyumba. Ndiyo maana watu walitembea kwanza ndani ya mwanga, wakajiuliza vizuri.

"Baba, ingia basi uone chumba chako," alisema Gwamaka, mwanawe wa pekee. "Usije ukasema nimekuweka stoo."

"Stoo ningekuwa na magunia ya kuongea nayo," mzee alijibu, na Gwamaka akacheka.

Kwa nyumba hii mzee alikuwa ametoa sharti moja tu: asikutane na mkamwana wake. Kwa mila aliyokulia, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja. Ni heshima, tena heshima kubwa. Wengi jijini walikwisha kuiacha. Yeye hakuiacha, wala Subilaga, mke wa Gwamaka, aliyelelewa na bibi yake huko Tukuyu. Hata sasa Subilaga alikuwa upande wa pili wa kiwanja, mahali litakapokuwa jiko, amejitanda kanga, akiandaa chakula cha mchana pamoja na binti yake Atupele. Ukuta wa mwanga ulimficha.

Mke wa mzee, Tupokigwe, alipokuwa hai, sharti hilo halikuwa na uzito. Yeye ndiye aliyepeleka sahani huku na kurudisha maneno kule, mara nyingine akiyatia chumvi ili watu wacheke. Nyumba haikuhitaji mlango mwingine. Tangu wamzike, mzee aliishi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga ya mwanawe, na sahani aliikuta mlangoni, imefunikwa.

"Sasa nitawaonyesha vivulimwendo," Zainati alisema, akiinua ramani ya nyumba mkononi.

Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi bila kuchoka. Mwezi mzima familia ilikuwa imevaa bangili za mchoranuru. Bangili zilijifunza kila mmoja anaamka vipi, anapita wapi, anasimama wapi. Kutokana na hayo kifaa kilimuumbia kila mtu kivuli chake cha rangi, kisha kikaviacha vivuli viishi ndani ya ramani, mwaka mzima kwa dakika chache, kuona wapi watu watagongana na wapi watabanana.

Vivuli vilianza kutembea. Chekundu kilikuwa cha Subilaga, kijani cha Gwamaka, njano cha mtoto. Cha mzee kilikuwa cha buluu. Chekundu kilipotoka jikoni, cha buluu kilikuwa kimekwisha kupita korido ya nyuma. Cha buluu kilipokwenda bafuni, chekundu kilikuwa barazani mbele. Mwaka ukaisha bila hata kukaribiana.

"Umeona, baba!" Gwamaka alifurahi. "Hata wazee wa zamani wasingeweza kupanga hivi."

Mzee alikuwa akikitazama kile cha njano. Kilikimbia, kilizunguka, kilimfuata mama yake kila alikokwenda. Cha kijani nacho kilirudi jioni kikaelekea kwenye chekundu na cha njano.

"Huyu mdogo mbona hafiki kwangu?"

Zainati alisita. "Mtoto anafuata alipo mama, mzee. Na mama tumempangia asifike upande wako."

"Endesha mbele. Miaka kumi."

Vivuli vilienda kasi. Cha njano kilirefuka. Cha buluu kilipunguza mizunguko. Kikaacha kwenda bustanini, kikaacha baraza ya nyuma. Lakini kila jioni kilitoka chumbani kikaenda kusimama mahali pamoja, karibu kabisa na ukuta, muda mrefu, kisha kikarudi kulala.

"Hapo anafanya nini?" Gwamaka aliuliza. "Hapo hapana kitu."

Injinia aliitazama ramani, akainamisha kichwa. "Nyuma ya ukuta huo ni jikoni, penye meza ya chakula."

Mzee aliona uso ukimwaka. Alidhani bangili ilihesabu hatua tu. Hakujua kwamba iliona jinsi anavyozima redio yake wakati wa chakula cha jioni na kuegemea ukuta, ili asikie vijiko, na Atupele akilalamikia mboga, na kicheko cha mkamwana wake, ambacho alikifahamu vizuri kuliko uso wake.

"Baba," Gwamaka alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku?"

"Utoe ukuta huu," mzee alimwambia Zainati. "Futa na lile sharti."

Zainati alifuta. Ukuta ukazimika kwenye ramani aliyoishika mkononi, na vivuli vikaanza upya. Cha buluu kilitoka chumbani, kikakaribia meza, kikafika pale ukuta ulipokuwa. Kikasimama. Kisha kikageuka, kikarudi.

"Mbona anageuka? Si hapana ukuta?"

"Kifaa kinajua ulivyoishi, mzee," alisema Zainati. "Utakachoamua hakikijui. Mimi pia sikijui."

Upande wa pili wa mwanga, sufuria ilifunuliwa na harufu ya ndizi za nazi ikapita bila kizuizi. Mzee alisafisha koo, akalisafisha tena.

"Subilaga," aliita. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. "Mwanangu. Umetupikia nini?"

Kijiko kilianguka. Gwamaka alifumbua mdomo, injinia akamgusa mkono akanyamaza. Baadaye ikasikika sauti ya mwanamke, ya chini sana:

"Atupele, mwambie babu ni ndizi. Mwambie... mwambie mama hajazoea."

"Mwambie mama, hata babu hajazoea."

Mtoto alitoa kichwa katika ukuta wa mwanga, akamtazama babu yake, akageuka kumtazama mama yake. "Kwani hamsikiani?"

Mchapaji alinguruma kule barabarani, akijipasha moto. Zainati alisogea. "Mzee, nichape au nisichape?"

"Chapa nyumba. Ukuta huu uache kwanza, usiuchape."

"Masika yanakaribia. Nyumba ikiwa wazi ndani hivi, sauti zote zitapita, mzee, na usiku kutakuwa na baridi. Niuache mpaka lini?"

Mzee Ambakisye aliegemea fimbo yake, akageuza sikio kuelekea jikoni.

"Mpaka aniambie mwenyewe tuujenge."