Kanda Mpya ya Masinde

Haya yalimpata rafiki yetu Nzivo, aliyekuwa na kibanda cha kurekodi kanda Buruburu, mwaka wa tisini na sita. Usiku mmoja Masinde wa Ziwani alimletea kanda mpya za bendi yake, walizojirekodia wenyewe bila kampuni.

"Uza hizi tu, boss. Usikopi."

"Kwani mimi mwizi?"

Masinde alipotoka, Nzivo akasonya. "Takataka hii. Nitaikopi mpaka mlale njaa." Akatia moja kwenye mashine.

Stima zikapotea, giza likajaa kibandani. Akaihamishia kanda kwenye redio ya betri. Wimbo wa mwisho ulipoisha ukabaki mvumo tu, halafu sauti yake mwenyewe: "Takataka hii. Nitaikopi mpaka mlale njaa."

Akaitoa, akaipapasa. Vijino vya plastiki vya juu vilikuwa vimevunjwa, jinsi wanamuziki hufanya ili mtu asirekodi tena juu ya nyimbo zao. Hakuna mashine ambayo ingeongeza neno pale.

Akairudisha. Ndani ya kanda mlango ulilia, ukafungwa, kufuli ikabanwa kwa nje.

Nzivo akageuka. Mlango wake ulikuwa bado wazi, ndio kwanza unaanza kusogea.