Mitungi ya Bibi Mageni

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Paskazia alijitwika debe akaenda kuteka maji. Hayakuwa maji ya nyumbani, maana hayo aliyateka mama yake baadaye. Haya yalikuwa ya mitungi mitatu iliyosimama njiapanda, pale njia ya kijiji chao inapokutana na njia ya kwenda machimboni Geita. Wachimbaji waliotoka Kahama kwa miguu, wachuuzi wa mchele, akina mama wenye watoto mgongoni, wote walikunywa hapo bure.

Mitungi hiyo aliifinyanga bibi yake, Mageni, aliyemzaa mama yake. Jamani, yule bibi alikuwa na mikono! Udongo ukiwa bado mbichi aliuchora kwa kijiti: mtungi huu korongo, huu kinyonga, huu wanawake wanaolima kwa mstari. Nyimbo za kulimia alizitunga yeye, na mvivu akitajwa humo kwa jina alishika jembe mwenyewe bila kuambiwa. Mwanamke akijifungua, Bibi Mageni alifika na uji kabla ya shangazi za mtoto. Mwaka wa njaa aliwagawia wajane vyungu vyake wakabadilishane na mtama.

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 1953, Bibi Mageni alifariki. Siku ya maziko, Klara, mama yake Paskazia, alimvuta binti yake kando.

"Mitungi ya mayu, mama yangu, isikauke," alisema huku akijifuta machozi. "Ndiyo kumbukumbu tuliyobaki nayo. Na maji yawe ya chemchemini, mwanangu, kama alivyotaka yeye."

"Ndiyo, mama," aliitikia Paskazia, na siku hiyo alimaanisha kweli.

Lakini chemchemi ilikuwa nyuma ya kilima. Kiangazi kilipokolea, maji yalitoka kwa kudondoka na wanawake walipanga foleni. Paskazia akachelewa shule, akachapwa. Na pale chini ya njiapanda, hatua chache tu, kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Asubuhi moja aliangaza macho huku na huku, akachota. Aliyachuja kwa kitambaa, yakaonekana meupe.

"Maji ni maji tu," alijiambia. Kesho yake alichota tena, na keshokutwa, mpaka njia ya chemchemi ikamtoka kabisa akilini.

Haukupita muda mrefu, watu wakaanza kuugua. Walihara, wakatapika, wakalala hoi. Generosa, mtoto mdogo wa Valerian mchimbaji, alizidiwa kuliko wote. Macho yaliingia ndani na hakuweza hata kulia. Na wote waliougua walikuwa wamekunywa njiapanda.

Maneno yakaanza. Yalianza kwa kunong'ona, kisha yakasemwa waziwazi.

"Yule bibi hakuwa mtu wa bure. Mikono gani ile?"

"Alitia dawa kwenye mitungi yake. Mbona nyumbani kwake hakuna anayeugua?"

Lo! Waliosema hayo ni walewale waliolishwa uji wake. Klara akienda chemchemini, wanawake walijikusanya upande mmoja wakamwachia upande mwingine. Akisema "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, hakuna aliyemjibu. Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni akitazama chini.

"Mama yangu aliwakosea nini watu hawa?" aliuliza.

Paskazia alijua jibu. Aliogopa kuchapwa, aliogopa watu, lakini zaidi aliogopa jinsi mama yake angemtazama. Akanyamaza. Alirudi kuteka chemchemini kimyakimya, lakini lambo lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Jumapili mchana Valerian alifika njiapanda na wanaume kadhaa wenye marungu. Klara alikimbilia huko, Paskazia nyuma yake.

"Baba Generosa, nakuomba," alisema Klara akipiga magoti. "Mama yangu ndiye aliyempokea mtoto wako alipozaliwa."

"Alimpokea ili aje amchukue!" Valerian alifoka, sauti yake ikakatika. Akainua rungu. Korongo akapasuka, kisha kinyonga, kisha wale wanawake wa jembe. Maji yalitapakaa miguuni mwao.

"Na wewe binti yake, hama," alisema Valerian akihema. "Jua lisizame ukiwa hapa. Tukikukuta, tutaichoma nyumba."

Klara alianza kuokota vigae akiviweka kwenye nguo yake, kimoja kimoja. Paskazia alipoona hivyo hakuvumilia tena.

"Ni mimi!" alilia. "Bibi hana kosa! Nilichota maji ya lambo nikaweka humu! Niliona uvivu kwenda chemchemini!"

Valerian alimtazama mtoto yule, akatazama lambo, na ng'ombe waliosimama ndani yake mpaka magotini wakinywa na kukojoa. Rungu likamponyoka.

"Yesu wangu," alisema. "Nimefanya nini?"

Habari zilifikishwa kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati, naye akatoa dawa na kuagiza wagonjwa wapewe maji yaliyochemshwa. Generosa alipona polepole sana. Watu walikuja kumwomba Klara radhi, wengine wakilia. Jina la Bibi Mageni likasafishwa. Lakini alikuwa kaburini, na kijijini hapakuwa na mwingine aliyejua kufinyanga. Klara alijaribu. Kila mtungi alioutia motoni ulipasuka, hadi akaacha.

Siku moja Paskazia na mama yake walikuwa wakipita njiapanda wakitoka chemchemini. Mchimbaji mmoja mgeni, mwenye vumbi hadi kwenye kope, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakumbuka hapa palikuwa na mitungi yenye michoro. Iko wapi?"

Paskazia alimtazama mama yake. Klara hakumsaidia.

"Mjibu," alisema.

"Ilivunjwa," alisema Paskazia, akikaza macho chini. "Kwa sababu yangu. Niliweka maji machafu, watu wakaugua, nikanyamaza."

Klara alishusha debe, akampa mgeni maji kwa kata. Kisha akamgeukia binti yake. Hakuwa na hasira, bali uchovu tu.

"Uliposema kweli uliniokolea nyumba, ukamsafisha bibi yako. Nakushukuru kwa hilo, mwanangu. Lakini ungesema siku ile ya kwanza Generosa alipougua, huyu angekuwa anakunywa kwenye mtungi wa mama yangu. Ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa."

Mgeni alirudisha kata, akashukuru, akashika njia ya Geita.

Paskazia alijitwika debe lake. Alilia njia nzima hadi nyumbani, na mama yake hakumwambia anyamaze.